Barua ya Utambulisho wa Kibonyeo

Kuna nchi moja, jina lake nisiwachoshe nalo. Ukiitafuta kwenye ramani usiione, ondoa kwanza kidole chako. Nchi hiyo ina mazuri yake. Barabara zake zimepewa majina ya watu walio hai bado, redio yake haijawahi kutangaza habari mbaya, na hali ya hewa hupangwa na Baraza la Mawaziri kila Ijumaa saa nne, baada ya chai na sambusa. Kiongozi Mlezi akishatia saini, Wizara ya Anga na Utulivu inatangaza, na wananchi wanaanika nguo.

Jumamosi hiyo ilikuwa imepangiwa jua.

Saa tisa alasiri, nyumbani kwa Bi Havijawa, mtaa wa Bondeni, watu walijaa kama kawaida. Havijawa ni mpishi wa shughuli; harusi isiyo na pilau yake watu huisema mwaka mzima. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakimenya vitunguu saumu, na jirani yake Mwajabu alikuwa amefika pale patamu pa habari, pale mume wa mtu anapotokea mlango wa uani amevaa kaptula ya shemeji yake. Mara bati likalia ta! Wote wakatazama juu. Likalia tena. Halafu mabati yote ya Bondeni yakalia kwa pamoja na mbingu ikamwagika mawe.

Yalianza kama ndimu, yakaja kama mayai ya bata. Kuku walilala palepale walipokuwa wakidonoa. Havijawa alijitwika sufuria lake kubwa kichwani akatoka mbio hadi uani, na wanawake wanne wakatoka nyuma yake kumvuta nguo.

"Mama Shani, utakufa!"

"Gari langu! Niacheni, gari langu lile!"

Dakika kumi na moja, basi. Jua likatoka kama lilivyopangwa. Na gari, steshen wagoni nyeupe aliyokuwa ameiosha asubuhi, ilisimama pale uani imejaa mashimo kuanzia boneti hadi buti kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Sasa msidhani ni gari la starehe. Miaka miwili nyuma, Shani, binti yake wa pekee, alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Wakaita gari la wagonjwa. Wakajibiwa kwa heshima zote kwamba gari la wagonjwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa hadhara wa Waziri wa Anga. Viti vilifika salama. Mtoto hakufika. Havijawa hakulia mbele za watu. Aliuza shamba la marehemu mumewe, akanunua gari, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Bondeni aliyejifungulia njiani. Mchana gari lilibeba masufuria, na akipigiwa simu lilibeba wajawazito.

Safari hii Shani alikuwa na mimba tena, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini. Daktari wa hospitali ya mkoa, kilomita arobaini kutoka Bondeni, alimwambia Havijawa bila kumung'unya: "Alhamisi saa mbili asubuhi tunampasua. Asipande pikipiki, asitikiswe. Uchungu ukimkuta nyumbani, mama, utapoteza wote wawili." Kumlaza mapema haikuwezekana, kwa kuwa wodi ya kusubiria haikuwa na paa tangu Jumamosi, ingawa kwenye makaratasi ilikuwa nalo. Mume wa Shani, dereva wa lori, alikuwa amekwama mpakani.

Kwa hiyo: Alhamisi, saa mbili, gari.

*

Jumapili saa sita mchana Waziri wa Anga na Utulivu aliongea na taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesikia maneno ya mitaani. Yanasemwa na watu wachache, tena hawajaoga. Mvua ya mawe hunyesha katika nchi zisizo na uongozi. Sisi tuna uongozi. Kwa hesabu nyepesi kabisa, basi, mvua ya mawe haikunyesha. Iliyonyesha ni mvua ya kawaida yenye msimamo."

Mwandishi mmoja akauliza kuhusu magari yaliyobonyea. (Mwandishi huyo siku hizi anatunga chemshabongo, na anasema anaipenda.)

"Mvua yenye msimamo haiwezi kubonyeza gari la mzalendo," Waziri alijibu. "Ukiona gari limebonyea, muulize mwenyewe jana alikuwa wapi na nyundo. Wapo watu wanaobonyeza magari yao kwa makusudi ili kuliaibisha taifa. Kuanzia sasa, gari lenye kibonyeo haliruhusiwi kuwasha injini barabarani mpaka lipate Cheti cha Asili ya Kibonyeo."

Bondeni ilikuwa na magari sita. Yote yalikuwa na ndui. Hata gari la wagonjwa lilikuwa nayo, ndiyo maana lilifichwa nyuma ya zahanati na kufunikwa makuti.

Havijawa alizima redio kwa ngumi.

"Msimamo," alisema. "Nitawaonyesha msimamo."

*

Hatua ya kwanza ya Cheti ilikuwa barua ya balozi wa nyumba kumi. Hakuna kitu katika nchi hiyo kinachofanyika bila barua ya balozi. Ukitaka kuzika, barua, na ukitaka kuzikwa, yako tofauti. Balozi wa Bondeni, Mzee Mtulia, alikuwa mtu mwema mwenye mhuri aliouhifadhi ndani ya soksi.

"Vibonyeo vingapi, mwanangu?"

"Mia moja arobaini na saba. Tumehesabu mara tatu."

"Basi barua mia moja arobaini na saba."

"Mzee wangu! Gari si moja?"

"Gari ni moja, lakini mwombaji ni kibonyeo." Akamwonyesha waraka. "Kila kimoja kitambulishwe peke yake, na picha mbili za pasipoti, nyuma rangi ya buluu. Usinikasirikie mimi, Havijawa. Mimi nimekaa na mhuri tu hapa."

Akaketi, akavaa miwani, akaandika siku nzima ya Jumatatu. Barua ya thelathini na moja ilisomeka hivi:

*Yah: Utambulisho wa Kibonyeo Na. 31. Mtajwa hapo juu ni mkazi wa boneti, upande wa kushoto. Namfahamu tangu Jumamosi. Ni mtulivu na hajawahi kushiriki fujo yoyote. Tafadhali mpokee na umsaidie. Wako katika kulijenga taifa.*

Mpiga picha, kijana wa makamo aitwaye Sadoki, alitundika shuka ya buluu nyuma ya gari, akainama, akainuka.

"Tatizo, mama. Masikio."

"Masikio gani?"

"Fomu inasema masikio yote mawili yaonekane. Nikipiga hivi watazirudisha zote."

Havijawa alimtazama kwa muda mrefu. Wanawake waliokuwa kibarazani walijua kutazama kule, wakasogeza watoto. Lakini Mwajabu akajifunga kanga kiunoni, akaenda akachuchumaa kando ya kibonyeo cha kwanza, akaweka shavu lake kwenye bati.

"Piga. Masikio si haya? Ninayo mawili, tena yamesikia mengi."

Ndivyo ilivyokuwa. Vibonyeo vyote mia moja arobaini na saba vilipata picha, na kila picha ina masikio ya Mwajabu. Kwenye zile za kwanza anatabasamu. Kufikia picha za buti anaonekana kama mtu anayetafutwa.

*

Jumanne walilipeleka gari kwenye Tume ya kutoa Cheti, Uwanja wa Maonyesho. Kwa kuwa halikuruhusiwa kuwasha injini, lilisukumwa. Mtaa mzima ulitoka. Waliimba nyimbo za kusindikizia biharusi, wakapiga vigelegele kwenye kona, na akina mama waliowahi kubebwa na gari hilo usiku wa uchungu wao walilisukuma kwa kifua. Havijawa alishika usukani, ameuma meno. Kila aliyepita njiani alimpa pole, na kila pole ilimpandisha hasira, kwa maana alijua wa kupokea hasira hizo hakuwa barabarani.

Mkaguzi Mkuu wa Tume, Bwana Ngwembe, alikuwa na meza, mwavuli na kikohozi cha kikazi. Alipokea barua, akazipima kwa mizani, akaridhika na uzito.

"Zimekaa vizuri. Kesho mlete gari kwa uhakiki wa vibonyeo kimwili."

"Gari hili hapa, baba. Liko mbele yako."

"Naliona. Lakini leo ni siku ya karatasi."

"Mwanangu anapasuliwa keshokutwa. Keshokutwa asubuhi!"

"Hongera sana," alisema Bwana Ngwembe, akapiga mhuri. "Anayefuata!"

Wakalisukuma kurudi. Hakuna aliyeimba.

Jioni ile, jua lingali juu, Havijawa alimpeleka Shani kwa mkunga jirani apimwe presha, hatua kwa hatua, kila baada ya nyumba mbili wanapumzika kwenye kibaraza cha mtu. Huku nyuma, fundi Songoro, mnyoosha bodi, alipita akaliona gari. Mke wa Songoro ana pacha waliozaliwa salama kwa sababu ya gari hilo. Moyo ukamsukuma. Akatoa nyundo ya mpira na kipande cha gogo, na kwa ustadi wote alionao akanyoosha vibonyeo vitatu juu ya mlango wa dereva hata ukipitisha kiganja husikii kitu. Havijawa aliporudi alimkuta amesimama kando, anapangusa jasho, uso umejaa furaha.

"Nimekufanyia kidogo, mama. Cha upendo. Cheti kikitoka nakumalizia vyote."

Havijawa alishukuru kwa dhati. Ndiyo kasoro ya watu wa Bondeni: wakikuona na shida hawawezi kukaa na mikono mitupu.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Bwana Ngwembe alizunguka gari na kalamu nyekundu. Alizunguka mara ya pili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mia moja arobaini na nne."

"Hesabu tena, baba."

"Mama, mimi nimesomea. Na. 12, Na. 13 na Na. 14, wakazi wa mlango wa dereva. Barua ninazo. Picha ninazo, hii hapa na masikio yake. Wenyewe wako wapi?"

"Fundi kavinyoosha. Alitaka kunifurahisha."

"Nani aliviruhusu kuondoka?" Sauti ya Bwana Ngwembe ilipanda, makarani wakasimama. "Unaleta serikalini barua za vibonyeo ambavyo havipo? Hivi ni vibonyeo hewa, mama! Taifa limehangaika miaka mingapi na wafanyakazi hewa, leo wewe unatuletea vibonyeo hewa?"

"Viondoe basi! Futa hivyo vitatu, nipe cheti cha hivi vingine!"

"Faili likishafunguliwa halipunguzwi. Ama gari lilingane na faili, ama libaki hapa kama kielelezo mpaka kesi iishe."

"Itaisha lini?"

"Kesi ya nani imewahi kuisha?" aliuliza Bwana Ngwembe, kwa mshangao wa kweli kabisa. Halafu akalainika, maana alikuwa na mama yake pia. Akainamia sikio la Havijawa. "Nikusaidie. Virudishe. Vitatu tu, sentimita nne kwa sentimita nne, mimi nishuhudie." Akafungua droo, akatoa nyundo ya serikali yenye namba ubavuni, akamsainisha kuichukua.

Havijawa aliitazama nyundo. Akalitazama gari. Mwajabu, aliyekuwa nyuma yake pamoja na nusu ya mtaa, alinong'ona, "Shoga, mimi sipendi hii." Lakini Shani alikuwa amelala kwa ubavu nyumbani, akihesabu mateke ya mtoto, na kesho ilikuwa Alhamisi.

Akapiga. La kwanza. Akapiga la pili, machozi ya hasira yakimtoka kwa jinsi bati lilivyomlilia. Alipoinua mkono kwa la tatu, pazia la jukwaa la maonyesho likafunguka, na kamera nne za televisheni ya taifa zikatoka mbio, na nyuma ya kamera akatoka Waziri wa Anga na Utulivu, suti ya kijivu, mikono imefunguliwa kama mchungaji.

"Ndugu watazamaji, mubashara kabisa! Nilisema nini Jumapili? Huyu hapa! Na nyundo yake mkononi!"

"Nyundo yenu!" Havijawa alipiga kelele. "Namba hii hapa!"

"Sikilizeni, ameiba hadi nyundo ya serikali."

Bwana Ngwembe alikuwa ameshapotelea chini ya mwavuli wake.

Waziri alimvuta Havijawa pembeni, akaziba kipaza sauti kwa kiganja, na sauti yake ikawa ya mtu na shangazi yake. "Mama, sina ugomvi na wewe. Nimeelezwa habari za binti. Karatasi hii ni ya kukiri kwamba vibonyeo vyote vya gari hili umevitia wewe. Asili ikijulikana, cheti kinatoka hapahapa. Mhuri ninao mfukoni. Kesho unaendesha. Usiposaini, gari ni kielelezo. Hiari yako. Hii ni nchi huru."

Watu wa Bondeni walisogea karibu. Walimwona Havijawa akiisoma karatasi, midomo ikitikisika. Waliomjua walitegemea aichane. Mwajabu alifumba macho.

"Nitasaini," alisema Havijawa. "Ila nataka kukiri kwa mdomo wangu. Taifa linisikie."

Waziri hakuamini bahati yake. Alipiga mhuri kwenye cheti kwa mkono wake mwenyewe, akampa, akamsogezea kipaza sauti, na kamera zote nne zikamgeukia.

"Mimi Havijawa, mpishi, mkazi wa Bondeni," alianza, cheti akikisokomeza ndani ya sidiria, "nakiri. Vibonyeo mia moja arobaini na saba vya gari langu nimevitia mimi."

Waziri akapiga makofi.

"Sijamaliza. Jumamosi ileile, saa tisa, nikiwa na nyundo, nilipanda juu ya paa la shule ya msingi nikatoboa mabati mia mbili. Madarasa saba. Nilifanya mimi. Nikaenda soko kuu nikaangusha banda la samaki likamvunja Bi Tatu nyonga. Yuko kitandani mpaka leo, na zahanati imemwambia ameteleza. Nikaenda mashambani kwa wakulima nikalaza mahindi yao ekari mia tatu, hakuna bua lililobaki wima. Andikeni! Mbona hamwandiki? Nikapanda hospitali ya mkoa, nikaing'oa paa wodi ya wajawazito, wanawake wakabaki na mimba zao juani. Ni mimi. Nikamkuta Mzee Kahema anaingiza mbuzi bandani, nikampiga kichwani, tumemzika Jumapili, na cheti chake cha kifo kimeandikwa kwamba amekufa kwa utulivu."

"Kateni," alisema Waziri. "Kateni matangazo."

Lakini fundi mitambo wa televisheni hiyo, kwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kuamriwa kukata Waziri akiwa kwenye picha. Lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Na Waziri alikuwa kwenye picha, amesimama bega kwa bega na Havijawa.

"Gari langu alilipiga yeye!" Songoro alipaza sauti kutoka kwenye umati.

"Na paa langu!" alidakia Mwajabu. "Tena nilimwona. Ana mbio huyo!"

"Kuku wangu thelathini!"

"Dirisha la kanisa!"

"Na magari kumi na manne ya Wizara," Havijawa akapaza sauti juu ya zote, kidole kimeelekea nyuma ya jukwaa, kwenye safu ya maturubai, "yale yaliyofunikwa pale, nayo nimeyapiga mimi. Nendeni mkafunue. La Mheshimiwa nimelipiga zaidi, maana nilikuwa na hasira naye tangu zamani, tangu viti."

Watu walikwenda kufunua. Waziri alitoka kwenye picha mwenyewe, kwa miguu yake, na matangazo yakakatika.

Redio ikapiga muziki hadi asubuhi.

*

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi steshen wagoni ilitoka Bondeni. Shani alilazwa kiti cha nyuma juu ya magodoro mawili, Mwajabu kamshika miguu. Lilikuwa gari pekee lililobonyea nchi nzima lenye haki ya kuwasha injini, na barabara ilikuwa tupu mbele yake. Havijawa aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo, akilitukana kila shimo kwa jina la mtu ambaye barabara imepewa jina lake.

"Mama," Shani alisema kutoka nyuma, "nasikia maji."

"Ni maji au damu?"

Mwajabu akainua kanga, akatazama. "Damu kidogo. Endesha."

Kwenye kizuizi cha mwisho, kilomita tatu kabla ya hospitali, askari mmoja alisimama katikati ya barabara, mkono juu. Alizunguka gari, akapitisha vidole kwenye boneti. Akasoma cheti mbele na nyuma, akachungulia dirishani.

"Wewe ndiye yule wa televisheni?"

"Ndiye."

"Uliyepiga nchi nzima?"

"Ndiye mimi. Fungua."

Askari alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Jumamosi ulinitoboa mabati matano. Na mtoto wangu ulimpasua hapa, juu ya jicho. Nyuzi sita."

Havijawa alimtazama. Alikuwa kijana, na sare yake ilikuwa na kiraka kwapani.

"Anaona?"

"Anaona, mama."

"Aliyekuambia usiseme ni nani?"

Askari aligeuka. Alikwenda mbio kwenye kizuizi, na badala ya kukiinua kama kawaida alikikamata kwa mikono miwili, akaking'oa na nguzo yake, akakitupa mtaroni. Kisha akaruka kwenye pikipiki yake, akawasha king'ora, akatangulia mbele.

"Shika miguu, Mwajabu," alisema Havijawa, akakanyaga mafuta.